Kimea Kilichochemshwa

Mjukuu wetu alikuwa na mwaka na kitu alipoanza kuukataa uji, na wakati huo uji ndio ulikuwa karibu chakula chake chote. Nasema wetu kwa sababu ni wa nyumba mbili. Mama yake ni binti yangu. Baba yake ni mtoto wa mkwe wangu wa Mbagala, na huko Mbagala ndiko wanakoishi, nyumba moja na huyo mkwe. Mie nipo Gongo la Mboto. Ninaandika nilivyoona na nilivyoelewa, na pale ambapo sikuelewa nitasema, maana shule yangu iliishia darasa la saba na baadhi ya mambo haya ni ya watu waliosoma.

Binti yangu alishika mimba nyingine mapema, akamwachisha mtoto ziwa ghafla. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba mtoto amebemendwa, yaani wazazi wamekutana kabla ya wakati wake na mwili wa mtoto umeharibika kwa ajili hiyo. Hilo sikuliunga mkono wala sikulipinga, sijui. Nilichokiona ni mtoto aliyekuwa na mashavu na sasa hana. Mkwe alikuwa amemvalisha shanga kiunoni tangu mchanga, kama wafanyavyo watu wa pwani kwa watoto wa kike. Mwanzo zilikaa mahali pake. Sasa akisimama zinateremka mpaka kwenye mapaja.

Nilikwenda nao kliniki mwezi ule. Nesi alituonyesha mstari kwenye kadi: ulikuwa ukipanda ndani ya kijani, ukalala, halafu ukaanza kushuka. Hakutugombeza.

"Mwezi ujao akishuka tena," alisema, "nawaandikia mkalazwe. Uji uwe mzito, muweke karanga, dagaa, mafuta kidogo. Na siyo uji wa maji."

Ushauri ulikuwa mzuri, ila mtoto hakuwa amesikia. Uji mzito akionjeshwa kijiko kimoja anageuza uso, cha pili anakitema. Ukiongezwa maji anaunywa, tumbo linajaa, na baada ya muda mfupi analia njaa. Mkwe alikuwa akihangaika kuliko sisi wote, na hili niliseme mapema kabla sijafika kwenye yale mengine. Alikuwa akiwatoa dagaa vichwa mmoja mmoja, anawatwanga, anawachekecha. Alikuwa akimkamulia tui zito la nazi. Anakaanga vitumbua vya biashara tangu alfajiri, na mara nyingi mtoto alikuwa mgongoni mwake wakati anakaanga.

Mie nikakumbuka kimea. Kwetu Songea tunaloweka ulezi, tunaufunika mpaka uote vimizizi, tunauanika, tunausaga. Unga wake ndio kimea. Ukipika uji mzito, ukauacha upoe hadi kidole kivumilie, halafu ukatia kimea kidogo na kukoroga, ule uji unalegea wenyewe mbele ya macho yako. Unakuwa mwepesi na unakuwa mtamu, bila maji na bila sukari. Ndivyo tunavyoanza togwa, kile kinywaji chetu cha nafaka. Mama yangu alitulisha hivyo wote, na sikuwahi kumuuliza kwa nini, wala sidhani kama alikuwa na jibu.

Basi niliotesha ulezi, nikauanika juu ya bati, nikausaga, nikaupeleka Mbagala kwenye kopo. Nikamweleza binti yangu hatua zote. Akasema, "Nimeelewa, mama." Nikarudi kwangu nikiwa na raha, na labda na majivuno kidogo.

Niliporudi tena kuwatazama, kopo lilikuwa limefika nusu, kwa hiyo kimea kilikuwa kinatumika. Lakini uji kwenye kikombe ulikuwa umesimama kama ugali wa jana. Mtoto aligeuza uso. Binti yangu akachukua chupa ya chai, akamimina maji ya moto ndani ya uji, akakoroga, mtoto akanywa. Yale yale.

Nilijilaumu kwanza mwenyewe. Nilifikiri nimeanika vibaya, jua la bati limekiunguza kimea. Au ulezi wa dukani wa Dar si ulezi wa kwetu. Nikamuuliza binti yangu uani, "Unakitia lini?"

Akatazama chini. "Nakitia uji ukiwa unachemka, mama. Halafu naendelea kuchemsha sana."

"Si nilikwambia upoe kwanza?"

"Uliniambia. Mama mkwe aliuliza ni nini. Nikamwambia kimea. Akasema, kimea si ndicho cha pombe hicho? Mjukuu wangu anyweshwe pombe ndani ya nyumba hii? Sasa mie nikaona, nikikitupa nitakuudhi wewe, nisipokitupa nitamuudhi yeye. Nikamwambia nitakichemsha mpaka pombe yote ife. Akakubali."

Maneno ya mkwe sikuyasikia mwenyewe, nimesimuliwa tu. Lakini hakusema uongo. Kimea ndicho cha pombe. Kwetu hata komoni, pombe yetu ya kienyeji, haitengenezwi bila hicho. Na binti yangu alibadili dini alipoolewa. Nyumba ile inaswali, nami sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata kidogo nilipokuwa nikisaga. Kwangu kilikuwa chakula cha mtoto. Nilirudi Gongo la Mboto bila kusema chochote kwa mkwe, na njia nzima nikijiuliza kama kuchemsha ndiyo shida au nakisingizia.

Nina mpangaji uani kwangu, mwalimu wa Baiolojia katika sekondari moja huku kwetu, binti wa makamo ya mwanangu. Jioni alikuwa anaosha vyombo, nikamsimulia. Aliacha sufuria.

"Umesema wanachemsha pamoja na kimea?"

"Ndiyo."

"Mama, hapo kimea kimekufa kabla hakijaanza kazi. Ingawa si kufa hasa, maana hakikuwa na uhai. Ngoja. Lini watakuja huku?"

"Jumapili, labda."

"Niite. Nitamwonyesha na bibi wa mtoto. Nikieleza kwa mdomo tu ataona mpangaji wako anakutetea wewe mwenye nyumba."

Alikuwa sahihi. Nami niliona hivyo hivyo.

Jumapili wakaja, mkwe, binti yangu na mtoto. Mkwe alileta vitumbua, akakaribishwa mkekani. Mwalimu akatoka chumbani kwake, akapiga goti kidogo, "Shikamoo bibi." Mkwe akaitikia marahaba, akatazama alichoshika: kichupa cha aidini, ile ya kupaka vidonda, kutoka duka la dawa.

"Nani kaumia?" mkwe akauliza.

"Hakuna, bibi. Ni ya kupimia uji."

Mkwe akanigeukia. "Mkwe, kwenu uji unapakwa dawa?"

Nilikuwa nimepika uji wa sembe, mzito. Nilichagua sembe kwa sababu mwalimu aliniambia rangi itaonekana vizuri kwenye uji mweupe. Tukaugawa bakuli mbili. Ya kwanza tuliimimina kwenye sufuria nyingine jikoni, ilipochemka tukatia kimea, tukaendelea kuchemsha kama binti yangu alivyokuwa akifanya. Ya pili tuliiacha ipoe hadi nikaweza kutia kidole, kinauma kidogo lakini kinavumilia, ndipo nikatia kimea na kukoroga. Wa kwanza ukabaki mzito. Wa pili nikaendelea kukoroga, na mwiko ukaanza kwenda wenyewe. Ulilegea mpaka ukawa unamiminika.

Mkwe aliinama kuutazama. "Umetia maji."

"Sijatia, mkwe. Umekaa hapo hapo."

"Mie nilikuwa namwangalia mtoto."

"Basi onja."

Akaonja kwa ncha ya kijiko, akauzungusha mdomoni. "Na sukari mmetia."

"Hakuna sukari, mama," binti yangu akasema. "Mie nilikuwa naangalia tangu mwanzo."

Mwalimu akasubiri vyote vipoe kabisa. Alisema uji ukiwa moto rangi inadanganya. Halafu akachota kidogo kidogo kwenye visahani, akazimua kwa maji, akadondosha aidini. Uji uliochemshwa na kimea ukawa mweusi wa bluu, kama wino. Ule uliolegea ukabaki wa kahawia, rangi ya aidini yenyewe, na mawingu machache tu ya bluu. Akamwaga vyote viwili shimoni akatuonya visahani vile visirudi jikoni kabla ya kuoshwa sana.

Hapa ndipo panaponipa shaka katika kuandika, kwa sababu nitaeleza maneno ya mwalimu kwa maneno yangu. Nilimsomea baadaye akasema yapo sawa kiasi, ila nisimwite shahidi kila mahali.

Alimvuta mtoto taratibu, akashika zile shanga kiunoni. Akasema, ndani ya mwili wa kila kitu kinachoishi, iwe ulezi, iwe sisi, kuna vitu vikubwa vilivyotungwa kwa vitu vidogo, kama uzi huu. Wanga wa unga ni uzi mrefu sana, na kila ushanga wake ni sukari. Ile aidini inajibana ndani ya uzi ule mrefu unaojiviringa, ndiyo maana panakuwa na rangi ya wino. Ukiupika, nyuzi zinavimba, zinashika maji mengi, uji unasimama. Kimea kina kitu kinachoukata uzi huo vipande vipande. Vipande havishiki maji kama uzi mzima, kwa hiyo uji unalegea, na vilivyo vidogo kabisa ulimi unavionja kama sukari.

"Mmea wenyewe ulikitengeneza kwa kazi yake," alisema. "Mbegu ikiota inakuwa na njaa. Inakata wanga wake yenyewe ili ile. Sisi tunaiba tu mkasi."

"Mkasi huo ndio nini?" nikauliza.

"Kimeng'enya. Umesoma darasa la saba, mama, mliandika vimeng'enya."

Kweli tuliandika. Nakumbuka neno, kitu chenyewe sikukiona. Kumbe nilikuwa nakikoroga tangu utotoni.

Akasema kimeng'enya ni protini. Protini nayo ni uzi, ila shanga zake si za rangi moja kama za wanga. Zipo aina nyingi, na zinapangwa kwa utaratibu wake, halafu uzi mzima unajikunja ukapata umbo. Na kazi iko kwenye umbo. Mkasi ulionyooshwa na nyundo hauwi mkasi, ingawa chuma ni kile kile. Moto mkali unafanya hivyo kwa protini, unaikunjua.

"Kama yai," binti yangu akasema.

"Kama yai. Likishaiva halirudi kuwa bichi ukiliweka kwenye baridi."

Mkwe alikuwa anamfunga mtoto nguo, hatutazami. Nilidhani amechoka au amekasirika. Halafu akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Hamira hivyo hivyo."

Tukamtazama.

"Hamira ya vitumbua. Ukiimwagia maji ya moto umeiua, unga haupandi, siku yako imekwisha. Mie nawagombezaga hawa wasichana kila siku. Maji ya vuguvugu, nawaambia, vuguvugu." Akanitazama. "Sasa mkwe, mbona hukuniambia kama ni jambo la hamira?"

"Sikujua kama ni jambo la hamira, mkwe."

Mwalimu akasema hamira ni viumbe hai kabisa, kimeng'enya siyo, ni chombo tu. Lakini mkwe alikuwa ameshapata alichokitaka, na akaendelea kufikiri kwa sauti.

"Na hamira yenyewe ukiilaza usiku, asubuhi ukifunua bakuli, harufu ile," alisema. "Harufu ile mie naijua ni ya nini. Basi na vitumbua vyangu je?" Akacheka, peke yake kwanza, halafu sote. Neno hilo halikuwa langu. Lilikuwa lake kulisema.

Lakini alikuwa bado na swali, na akaliuliza sawasawa. "Mwalimu, usinifiche kwa sababu umepanga hapa. Huo uji uliolegea una pombe?"

Mwalimu hakukimbilia jibu. "Sasa hivi, hapana. Una sukari tu. Ukiuacha siku ya pili, ya tatu, vijidudu vya hewani vitaanza kuila ile sukari. Hapo siwezi kukuapia, bibi."

"Na ukichemshwa sasa hivi, baada ya kulegea?"

"Ungekuwa bora zaidi. Ulezi ulioloweshwa na kuoteshwa unabeba vijidudu, na tumbo la mtoto ni dhaifu. Hata ningekuwa mie, kimea kikishamaliza kazi, ningeurudisha jikoni uchemke tena. Uzi ukishakatwa hauungiki kwa moto. Uji utabaki mwepesi."

Mama yangu hakuwahi kurudisha uji jikoni baada ya kimea, wala mie sikumwambia binti yangu arudishe. Mkwe alipokubali kichemshwe, alikuwa na haki ya kutaka kuchemsha. Kilichokosewa ni zamu tu: kimea kilichemshwa kabla ya kazi badala ya baada. Na mie nilijua zamu ya kwanza nisijue ya pili. Nikaweka hesabu hiyo moyoni, nikaona tumekosea sawa, au nimekosea zaidi, kwa sababu mie ndiye niliyeleta kopo.

"Nitauliza mtu anayejua dini kuliko mie," mkwe akasema.

Kabla hawajaondoka, binti yangu alimuuliza mwalimu kama uji huo pekee utatosha. Mwalimu akasema hapana. Wanga ni kuni, alisema, unaunguzwa mwili upate nguvu. Nyumba haijengwi kwa kuni. Protini za dagaa na karanga zinakatwa tumboni ushanga mmoja mmoja, halafu mwili wa mtoto unazitunga upya kwa mtindo wake, misuli, damu, ngozi. Na mafuta ya tui siyo uzi wa shanga, yana umbo jingine, ila kila chembe hai ya mwili inazungushiwa utando wake kwa vitu vya jamii ya mafuta, na yanayobaki yanawekwa akiba. Kwa hiyo bibi aendelee na dagaa wake na nazi yake. Faida ya kimea ni kwamba sasa kikombe kile kile kitabeba unga mwingi zaidi na mtoto atameza.

"Na huo mtindo wa kutunga, mwili unaujuaje?" nikauliza. Lilikuwa swali la kijinga, au niliona hivyo.

Akasema kuna uzi mwingine, mrefu kuliko yote, umehifadhiwa ndani ya kila chembe, na mpangilio wa shanga zake ndio maelekezo ya kutunga protini. Nusu mtoto kapewa na mama, nusu na baba.

"Basi hilo paji la uso ndilo lililotoka Songea," mkwe akasema, akimpapasa mtoto kichwani. "Nilikuwa natafuta wa kumlaumu."

"Na miguu ya matege imetoka Mbagala," nikamjibu. Alicheka akanipiga begani.

Siku chache zikapita sikusikia kitu. Sikupiga simu, nilijizuia. Kisha binti yangu akapiga mwenyewe. Alisema mama mkwe alikwenda kwa ustadhi, akakaa huko, akarudi, hakusema ameambiwa nini. Alivua mtandio, akaingia jikoni, akapika uji mzito wa ulezi na karanga. Akaupua. Akatia kidole, akakitoa, akangoja, akatia tena.

"Lete kopo la mama yako," akamwambia.

Akakoroga mpaka ukalegea, akaurudisha jikoni ukachemka, akatia tui. Mtoto akala kikombe, akashika kikombe kitupu akakigonga chini. Mwanzoni mkwe hakumruhusu mtu mwingine kutia kidole. Binti yangu alisema kidole cha mama mkwe kimezoea mafuta ya vitumbua, kinavumilia moto kuliko cha mtu wa kawaida, na siku moja kimea kiliwahi kutiwa mapema na uji ukakataa kulegea. Kesho yake mkwe akatumia kidole cha binti yangu.

Kliniki ya mwezi uliofuata nilikwenda nao. Nesi alimweka mtoto kwenye mzani unaoning'inia, mtoto akapiga mateke, tukasubiri atulie. Nesi akaweka nukta kwenye kadi, akavuta mstari. Ulikuwa umepanda kidogo. Haukufika ulikokuwa zamani, lakini ulikuwa umepanda.

"Hakuna kulazwa," nesi akasema. "Endeleeni hivyo hivyo. Mnampa nini?"

Binti yangu alinitazama, mie nikamtazama mkwe. Mkwe akasema, "Uji."

Sitaki kuandika kwamba kimea ndicho kilichomnyanyua. Mwezi ule ule alipewa dawa ya minyoo, na meno mawili yaliyokuwa yakimsumbua yalikuwa yameshatoka. Dagaa na nazi vilikuwepo tangu mwanzo, ila alikuwa havili kwa sababu vilikuwa ndani ya uji asioweza kuumeza. Mwalimu nilipomuuliza alisema na yeye hawezi kuapa, kwa sababu mtoto ni mmoja na hatukuwa na wa kumlinganisha naye. Nilimpenda kwa jibu hilo, ingawa nilitaka jingine.

Sasa naotesha ulezi kila mwezi na kopo linakwenda Mbagala. Mimba nayo imekua, na mkwe ameshasema kopo la mtoto wa pili liandaliwe mapema, tusije tukaanza kuulizana maswali mtoto ameshakonda.

Juzi alinipigia simu yeye mwenyewe. "Mkwe, shanga zimekatika," alisema. "Alikuwa anachuchumaa, mara zikatawanyika ukumbini kote. Kiuno kimekataa uzi."

Nilifurahi sana, halafu usiku nikafikiri kwamba uzi ule alivalishwa tangu mchanga, ulikuwa umeoga maji na sabuni kila siku. Inawezekana ulikuwa umechoka tu. Nilipokwenda nilimkuta mkwe kakaa mkekani anazitunga upya kwenye uzi mpya, mtoto akizichukua na kuzitia mdomoni na mkwe akizitoa. Nilimsaidia kuokota zilizokuwa chini ya kabati. Zilizookotwa hazikutosha kuzunguka kiuno. Ilibidi aende chumbani akatoe nyingine kwenye kifuko, akaongeza.